Jibu: Rodamini inawaka kwenye myeyusho, ikikauka inazima

Ndugu, umeuliza kwa nini rodamini yako (rangi inayotoa mwanga ikimulikwa) inawaka vizuri ikiwa myeyusho lakini ukiikausha inafifia. Hukukosea popote. Shida ni msongamano: molekuli zake ni bapa, zikikauka hulaliana kama chapati kwenye sahani, na nishati ya mwanga hurukaruka kutoka moja hadi nyingine mpaka inaishia kuwa joto.

Mwaka 2020 timu za Amar Flood (Chuo Kikuu cha Indiana) na Bo Laursen (Copenhagen) walilitatua hilo kwa njia ninayoipenda sana. Rodamini ni ioni chanya, yaani molekuli yenye chaji chanya, kwa hiyo haitembei bila ioni hasi ya kuisawazisha. Wakachukua sayanosta, molekuli ya duara yenye umbo la nyota, isiyo na rangi. Mbili zinaibana ioni hasi katikati, moja juu, moja chini. Ukikausha, vitu vinajipanga vyenyewe kwa zamu, rangi kisha sayanosta, na rangi hazigusani tena. Chaji na umbo ndivyo vinavyofanya kazi yote. Hakuna kifungo kipya cha kovalenti, yaani cha atomi kushirikiana elektroni.

Zingatia hili, wengi hulisahau: kitenganishi (hapa ni sayanosta) kisiinyang'anye rangi nishati yake. Sayanosta inafaa kwa sababu hufyonza urujuanimno, si mwanga wa rodamini.

Njia nyingine ni ya mwanakemia Ben Zhong Tang, aliyeianzisha huko Hong Kong mwaka 2001: molekuli zinazowaka pale tu zinaposongamana. Lakini hiyo inakutaka ubadilishe rangi yenyewe. Kwa rodamini uliyonayo, anza na sayanosta mbili kwa kila molekuli moja ya rangi.