Pistoni ya Tatu na Bado Mwauliza: Majibu ya Pawaso

Kabla ya yote, nyinyi mnaotuma picha ya pawaso, yaani msumeno wa injini, mashine nzima imelala kwenye mchanga halafu "fundi hii shida ni nini", sioni kitu. Fungua eksozi, piga picha ya pistoni kupitia pale tundu la moshi, hapo tutaongea.

Msomaji wa Hindi, Lamu: *Fundi salaam aleikum. Pawaso yangu imenoki pistoni ya tatu tangu Ramadhani. Fundi hapa atia pistoni na ringi mpya, yafanya kazi siku chache tu, ikipata moto inapanda resi yenyewe kisha inazima na kamba haivutiki. Pistoni zote zimechubuka upande wa eksozi. Ninunue orijino?*

Waaleikum salaam. Orijino nayo utaiua, na hela zaidi. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita: inapanda resi yenyewe. Mashine ukiiachia mafuta ikaendelea kulia juu, karibu kila mara inavuta hewa mahali isipotakiwa, na hewa ikizidi petroli inapungua, na oili si inakuja ndani ya hiyo hiyo petroli, kwa hiyo pistoni inakwenda moto na kavu mpaka ishikane na silinda, ndo kunoki huko. Inaanza upande wa eksozi kwa sababu ndo upande wenye moto zaidi. Fundi wako abadilisha maiti, muuaji yumo ndani bado.

Anza na ule mpira unaounganisha kabureta na silinda. Utoe kabisa, ukunje kwa vidole, ufa hukaa upande wa chini na mpira ukiwa mahali pake huuoni hata na tochi. Kisha kale kapaipu kembamba kanakopeleka pumzi ya injini kwenye kabureta, kisha gasketi ya silinda, kisha sili mbili za kranki, moja nyuma ya magneto na moja nyuma ya klachi, hizi ndo wengi hawazigusi kwa uvivu wa kufungua klachi.

Kupima si uchawi. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke chini ya eksozi ukaze, ziba na upande wa kabureta, halafu jaza upepo kwa pampu ya mkono yenye geji kupitia kale kapaipu. Psi 7 yatosha, ukizidisha utazing'oa sili nzima. Paka maji ya sabuni kwa brashi. Mshale wa geji ukishuka tafuta povu. Hata usiposhuka usisherehekee, pima na kwa kunyonya pia, maana sili iliyochoka hushikilia ikisukumwa ikavuja ikinyonywa. Huna geji? Kwenda Mokowe ama Lamu mjini utafute fundi wa injini za boti mwenye nayo, ni rahisi kuliko pistoni ya nne.

Na silinda usikubali ipigwe msasa wa kukwaruza rangi. Ukuta wake una koti gumu jembamba, likitoka hilo, silinda ni chuma chakavu.

Msomaji wa Kakuyuni: *Lita moja ya petroli natia oili ngapi?*

Hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu. 50 kwa 1 ni ml 20 kwa lita. 25 kwa 1 ni ml 40. Ipi ni yako, soma kitabu cha mashine yako. Nunua sindano pale famasi upimie, kifuniko cha soda si kipimo, na "mpaka iwe rangi ya chai ya strungi" pia si kipimo, kila kampuni yatia rangi yake.

Ila ugomvi wangu mkubwa na watu wa pwani si kipimo, ni oili yenyewe. Kila nyumba ina mvuvi, kila mvuvi ana chupa ya oili ya boti, basi pawaso nayo yanyweshwa hiyo hiyo kwa kuwa "zote ni tuu stroki". Angalia chupa. Ikiandikwa TC-W3 hiyo ni ya injini inayopozwa na maji ya bahari, yafanya kazi kwa joto la chini. Pawaso yapozwa na upepo tu, joto lake ni jingine kabisa. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD. Muuzaji akikwambia ni sawa tu, mwambie anunue yeye pistoni.

Dada wa Watamu: *Nakodisha pawaso kwa vijana wanaokata minazi. Kila ikirudi ina shida mpya. Nifanyeje?*

Dada yangu, changanya mafuta wewe mwenyewe uwape na mashine, kiasi cha siku hiyo. Ikirudi fungua filta ya hewa mbele yao, na mapezi ya silinda yakiwa yameziba vumbi la mnazi wasafishe kabla hawajalipwa. Kijana akikasirika, huyo usimpe tena.

Fundi wa majahazi, Matondoni: *Plagi inakuwa nyeusi na majimaji kila wiki, nabadilisha plagi.*

Acha kununua plagi, safisha filta. Vumbi la mbambakofi ni laini mno, laziba.

Msomaji wa Gede: *Skrubu ya H nikaze ndo ipate nguvu?*

Hiyo ni skrubu ya kabureta ya kupimia petroli. Ukikaza petroli inapungua, inalia tamu sana, na mara nyingi huo ndo mlio wake wa mwisho. Ifungue kidogo mpaka ikiwa mafuta mwisho nje ya mti igugumie, ikiingia kwenye mti isafike.

Msomaji wa Malindi mjini: *Kamba ya kuwashia inakatika kila mara.*

Tazama tundu inapotokea kamba, lina ncha kali. Na usiivute mpaka mwisho.

Wa mwisho, hakusema atoka wapi: *Fundi nataka kuziba eksozi nusu ili mlio usisikike mbali, inawezekana?*

Moto ukikosa pa kutokea unarudi kwenye silinda, utanoki kabla gogo halijalala. Na mlio usisikike na nani? Msitu wa Arabuko Sokoke una wenyewe, KFS, shirika la misitu la Kenya, ukishikwa usitaje jina langu.