Mwaka 50 wa Paulo kule Korintho umetoka wapi?

SWALI: Nafundisha darasa la kipaimara, na kila mwaka huwachorea wanafunzi ubaoni chati ya Kanisa la mwanzo. Vitabu nilivyo navyo vinasema Paulo alifika Korintho mwaka 50. Nimepitia Matendo ya Mitume mwanzo hadi mwisho, sijakuta mwaka wowote. Nani aliupata huo 50, kwa njia gani, na niutegemee kiasi gani?

JIBU: Mwalimu, hukukosea kusoma. Agano Jipya lote halina mwaka hata mmoja kwa hesabu tunayotumia leo. Hesabu hiyo ilipangwa karne ya 6 na mtawa Dionysius Exiguus mjini Roma. Waandishi wa kwanza walitaja wakati kama wazee wetu wanavyoutaja: huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule njaa ilipokuwa inakwisha. Ukitaka kuujua mwaka wenyewe, tafuta tukio moja ambalo wakati wake umeandikwa pia mahali pengine, ndipo uhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa Paulo tukio hilo ni kesi yake mbele ya Galio.

Fungua Matendo 18:12–17. Paulo anashtakiwa Korintho mbele ya Galio, liwali wa Akaya (jimbo la Roma huko Ugiriki, ambamo Korintho ulikuwamo), naye Galio anakataa kuisikiliza kesi kwa sababu inahusu sheria ya Wayahudi. Mtu huyu anajulikana vizuri nje ya Biblia. Ni ndugu wa Seneca, mwanafalsafa wa Roma, na Seneca anasimulia katika barua yake moja jinsi kaka yake alivyoshikwa na homa kule Akaya akapanda meli mara moja, akisema ugonjwa ule ni wa mahali, si wa mwili wake.

Seneca hataji mwaka. Mwaka tumeupata kwenye jiwe lililovunjika.

Jiwe hilo lilikuwa Delphi, ng'ambo ya ghuba ya Korintho, kwenye hekalu la Apollo. Mwaka 1905 msomi wa Kifaransa Émile Bourguet alichapisha vipande vinne vyake, na baadaye vikatambuliwa vingine hadi vikafika tisa. Ukiviunganisha unapata barua ya Kaisari Klaudio. Anasema amesikia kwamba Delphi umepungukiwa na raia, anataka watu wa miji mingine waalikwe kuhamia huko, na anayemtaja kuwa alimletea habari hiyo ni Junius Gallio, yaani Galio wetu, rafiki yake na liwali.

Sasa tufike kwenye ufundi wenyewe. Majeshi ya Roma yalipopata ushindi, Kaisari alishangiliwa kwa cheo cha imperator, yaani jemadari mshindi, na kila shangwe ilihesabiwa na kuchongwa kwenye maandishi ya serikali. Barua ya Delphi ina namba 26. Mfereji wa maji uitwao Aqua Claudia, unaopita juu ya lango la Roma linaloitwa leo Porta Maggiore, una namba 27, na tunajua ulizinduliwa tarehe 1 Agosti mwaka 52. Kwa hiyo barua ilitoka kabla ya siku hiyo. Kwa upande wa nyuma, maandishi mengine yanaonyesha kwamba shangwe ya 24 iko ndani ya mwaka 51. Ndiyo maana barua yenyewe huwekwa miezi ya kwanza ya mwaka 52.

Liwali wa jimbo kama Akaya alikaa mwaka mmoja kwa kawaida, akianza kazi mwanzoni mwa kiangazi. Galio asingeweza kufika katikati ya mwaka 52, akaichunguza hali ya Delphi, akaiandikia Roma, na jibu likatoka kabla ya Agosti. Alikuwa kazini tangu mwaka uliotangulia. Wasomi wengi kwa hiyo wanauweka uliwali wake kuanzia katikati ya 51 hadi katikati ya 52. Wapo wachache wanaourudisha nyuma mwaka mmoja.

Luka, mwandishi wa Matendo, anasema Paulo alikaa Korintho mwaka na miezi sita, na anaileta kesi ya Galio kama jambo la karibu na mwisho wa kukaa huko. Ukitoa miezi hiyo kumi na minane kutoka kiangazi cha 51 unaangukia mwanzoni mwa 50, au mwishoni mwa 49. Huo ndio 50 wa vitabu vyako.

Utakutana pia na hoja ya Akila na Prisila, mume na mke waliompokea Paulo Korintho, waliokuwa wametoka Italia siku si nyingi kwa sababu Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma. Suetonius, mwandishi wa historia wa Roma, anathibitisha kwamba walifukuzwa, lakini anayetoa mwaka, yaani 49, ni Orosius, mwandishi Mkristo wa karne ya 5. Cassius Dio, mwanahistoria mwingine wa Roma, naye anataja amri ya Klaudio juu ya Wayahudi, na anaiweka mwanzoni mwa utawala wake, mwaka 41. Mimi naichukua 49 kama shahidi wa kuunga mkono tu. Ukiliondoa jiwe la Delphi, Orosius peke yake hatoshi.

Kutoka hapo ndipo miaka mingine inapopatikana. Katika Wagalatia Paulo anataja miaka mitatu, kisha kumi na minne, kati ya wito wake na safari zake za Yerusalemu. Watu wa wakati ule mara nyingi walihesabu kipande cha mwaka kama mwaka mzima, kwa hiyo tarajia pengo la mwaka mmoja au miwili. Hata hivyo, hesabu inauweka wito wa Paulo kati ya mwaka 33 na 36. Kusulubiwa kwa Yesu ni lazima kuangukie kipindi cha Pilato, 26 hadi 36, na siku za Pasaka zinazokubaliana vizuri na Ijumaa ni za mwaka 30 na 33. Angalia jinsi nafasi ilivyo ndogo: imani iliyoanza Yerusalemu ilikuwa na kusanyiko katika bandari kubwa ya Ugiriki ndani ya miaka kama ishirini.

Kuhusu chati yako: andika "Galio, 51–52" kwa wino ulioiva, maana hapo tuna jiwe mkononi. "Paulo afika Korintho" weka "yapata 50". Wito wake uandike kama kipindi, 33–36, usiubane kwenye mwaka mmoja. Na kama una nafasi, weka Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike palepale penye 50 au 51. Wasomi wengi wanakubali kwamba aliuandika akiwa Korintho, na huenda ndio andiko la zamani kuliko yote katika Agano Jipya, lililotangulia hata Injili ya Marko kwa miaka kama ishirini. Wanafunzi wanaodhani Injili ziliandikwa kwanza kwa sababu zimepangwa mwanzo watauliza maswali, na wewe utakuwa na hesabu ya kuwaonyesha.