Paka na Ndege wa Kufuga Katika Nyumba Moja: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kasuku wadogo wawili ambao nimewafuga kwa muda mrefu, na sasa binti yangu ameleta nyumbani paka mchanga. Paka huyu ni mpole, anashiba vizuri, na mara nyingi hulala chini ya tundu la ndege bila kuwasumbua. Jamaa zangu wananiambia kwamba akikua pamoja nao atawazoea. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, upole wa paka wako siutilii shaka, na ni kweli kwamba wapo paka waliolelewa na ndege tangu utotoni ambao hawajapata kuwagusa. Hata hivyo, silika ya kuwinda haitokani na njaa wala tabia mbaya. Paka aliyeshiba bado hurukia kitu kinachopapatika au kinachotoa sauti nyembamba, na ndege anayeshtuka na kupiga mabawa ndani ya tundu hufanya hasa lile linaloiamsha silika hiyo. Hatari huzidi alfajiri na magharibi, wakati paka anapochangamka zaidi, na mara nyingi saa hizo watu wa nyumbani wamelala bado au wameshikwa na shughuli nyingine. Mazoea ya mwaka mzima yanaweza kuvunjika kwa mruko mmoja, na kasuku mdogo mwenye uzito wa gramu 30 hadi 40 hana nafasi ya pili.

Kuhusu paka kulala chini ya tundu, nakuomba uwatazame ndege badala ya kumtazama paka. Ndege aliyetulia hujikung'uta, huchambua manyoya yake kwa mdomo, hula, na huitikiana na mwenzake. Ndege mwenye hofu hujibana: manyoya hulala yakashikamana na mwili, shingo hurefuka, macho hayambanduki paka, na anaweza kukaa kimya hivyo kwa muda mrefu. Wafugaji wengi huudhania ukimya huo kuwa ni mazoea, na mimi huliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote katika jambo hili, kwa sababu hofu inayodumu siku nenda siku rudi humfanya ndege apunguze kula, ajinyonyoe manyoya, aache kutaga, na adhoofike mpaka maradhi madogo yamshinde.

Wape ndege chumba chao, chenye mlango unaofungwa sawasawa, na paka asiingie humo hata mkiwapo. Kulitundika tundu juu si kinga ya kutosha, kwa kuwa paka mzima huruka mita 1.5 na zaidi kutoka sakafuni, hupanda mapazia, na tundu likianguka mlango wake hufunguka. Zichunguze pia nafasi zilizopo kati ya waya: mguu wa mbele wa paka hupenya mahali ambapo kichwa chake hakipiti, na ndege anayelala akiwa ameshikilia waya wa pembeni huweza kunaswa kidole au bawa. Vijilango vya kuinuliwa vifungwe kwa kibanio. Kumvika paka kengele hakusaidii kitu hapa, maana ndege aliye tunduni hata akisikia hana pa kukimbilia.

SWALI: Chiriku wetu alitoka tunduni na paka akamkamata kwa mdomo, nikamnyang'anya papo hapo. Sioni damu, na ndege amesharudi kwenye kijiti chake. Je, nimwache apumzike?

JIBU: Hapana, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Midomoni mwa paka wengi wenye afya njema huishi bakteria waitwao Pasteurella multocida, ambao hawamdhuru paka mwenyewe, lakini wakiingia katika damu ya ndege wanaweza kumuua katika muda wa siku moja au mbili. Meno ya paka ni membamba kama sindano, hivyo jeraha lake huwa dogo, hujifunga upesi, na hufichwa na manyoya. Makucha nayo si salama, kwa sababu paka hujilamba miguu. Mpulizie chiriku taratibu ili manyoya yaachane: ukiona manyoya yaliyolowa na kushikamana, hayo ni mate ya paka, na hata usipoyaona, bado aende kwa daktari.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa nje. Ndege hana msuli wa kiwambo, ule wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, kama sisi, bali hupumua kwa kupanua na kurudisha kidari chake, kwa hiyo kubanwa kwa nguvu peke yake kunaweza kumkosesha pumzi, na mifuko ya hewa iliyomo mwilini mwake ikitobolewa, hewa huweza kujikusanya chini ya ngozi. Kwamba amerudi kwenye kijiti kusikutulize, kwani ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie.

Wakati wa kumpeleka, mweke katika boksi dogo la karatasi ngumu lenye vitundu vya hewa, lililotandikwa kitambaa, mahali penye joto, giza na utulivu. Usimpake marhamu ya mafuta, kwa sababu itayagandisha manyoya na kumwondolea joto. Usimpe dawa za binadamu, wala usimlazimishe kunywa maji. Mweleze daktari waziwazi kwamba ameshikwa na paka, ili aamue haraka juu ya viuavijasumu bila kungoja dalili.

SWALI: Choo cha paka wetu kipo katika chumba kimoja na ndege. Je, kuna ubaya?

JIBU: Upo. Paka aliyeambukizwa kimelea cha Toxoplasma gondii huweza kutoa mayai yake katika kinyesi, na ndege nao huambukizwa. Kwa chiriku, ugonjwa huu unajulikana kwa kuleta upofu. Aidha, vumbi la mchanga wa choo huwasumbua ndege katika kupumua. Kihamishieni choo chumba kingine na mkisafishe kila siku, kwa kuwa mayai hayo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Anayekisafisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au maji ya ndege, na kama nyumbani yupo mama mjamzito, kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine.