Mtaalamu wa nini, na anafanya nini?

SWALI: "Ninatafsiri kutoka Kifaransa kijitabu cha maabara moja ya Ulaya inayochunguza ubongo na magonjwa ya akili. Kinawaeleza wote wanaofanya kazi humo, ili ndugu zetu walioko huko wakiombwa kushiriki utafiti waelewe nani ni nani. Nimekwama kwa yule anayechunguza ubongo: niandike 'mwananeva', 'daktari wa mishipa ya fahamu' au 'mtaalamu wa neva'? Wenzake nimewaita mtaalamu wa damu, mtaalamu wa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), mtaalamu wa skizofrenia (ule ugonjwa wa akili), mtaalamu wa wanyama na mtaalamu wa takwimu. Na je, tuseme labo au maabara?" (Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mama, la kwanza tulimalize upesi. Andika "mtafiti wa ubongo". Anatafiti, na anachotafiti ni ubongo. Hakuna la kuongeza. "Mwananeva" lifute kabisa. Tunao mwanasiasa, mwanasheria na mwanasayansi, lakini siasa, sheria na sayansi ni fani. Neva ni kiungo cha mwili. Tukianza na mwananeva, kesho tutazaa mwanafigo na mwanabandama. "Daktari wa mishipa ya fahamu" ni la heshima, ila mshipa kwa Kiswahili ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na ni ngiri vilevile. Mzee akisikia daktari wa mishipa amekuja, atajitokeza na ngiri yake na hutakuwa na la kumjibu. Fani yenyewe iite "sayansi ya neva". Si tamu, lakini imeshaingia vitabuni na haijamdhuru mtu.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Katika swali fupi namna hii, mtaalamu amejitokeza mara sita. Neno hili limekuwa kama chumvi mkononi mwa mpishi aliyefiwa na ulimi. Redioni kila anayehojiwa ni mtaalamu, kwenye semina kila anayelipwa posho ni mtaalamu, na sasa limeingia maabara na kuwavisha watu wote blauzi moja nyeupe. Asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na elimu, mwalimu na taaluma. Kwa Waarabu mutaallim ni mtu anayejifunza. Neno lilivuka bahari likapandishwa cheo, na tangu hapo halijashuka.

Ubaya wake si Uarabu wake. Ubaya ni kwamba "mtaalamu wa" humeza kitenzi. Mtaalamu wa damu anaifanyia nini damu? Anaitoa mkononi, anaizungusha kwenye mashine, anaigandisha, au anawatibu wenye upungufu wa damu? Hizo ni kazi nne, na huenda ni za watu wanne. "Mtaalamu wa skizofrenia" ndilo balaa zaidi. Kiswahili kinajua mtaalamu wa kupiga ngoma na mtaalamu wa kudanganya, yaani mtu aliyebobea katika kulitenda jambo hilo. Kwa masikio ya bibi yangu yeyote wa Kivu, mtaalamu wa wazimu ni mwenda wazimu aliyehitimu.

Kazi za EEG zilipoanza, mtu mmoja alizibeba zote. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuutangaza mwaka 1929. Ndiye aliyebuni jaribio, ndiye aliyeweka waya, ndiye aliyesoma michirizo, na mmoja wa waliowekwa waya alikuwa Klaus, mwanawe mwenyewe. Huyo ungemwita mtaalamu nisingekugombeza. Leo kazi ya Berger imegawanywa kwa watu wanane au kumi, na kijitabu chako kimeandikwa ili kuwatenganisha. Wewe umewakusanya tena.

Chukua "mtaalamu wa EEG". Nitakaa hapa kidogo, unisamehe.

Mtu huyu anapokea kichwa cha mgeni na utepe wa kupimia. Anapima kutoka kishimo kilicho juu ya pua, katikati ya macho, hadi nundu ya kisogo. Tuseme amepata sentimita 36. Alama ya kwanza anaiweka kwenye asilimia 10, yaani sentimita 3.6 kutoka kishimo. Zinazofuata anaziachanisha kwa asilimia 20, yaani sentimita 7.2 kila moja, mpaka zibaki tena 3.6 kufika kisogoni. Kisha anapima kutoka sikio hadi sikio kwa hesabu ileile; mistari miwili ikikutana utosini, hapo ndipo inapokaa elektrodi (kidude cha kunasa umeme wa ubongo) iitwayo Cz. Huu ndio mpango wa 10-20, wenye elektrodi 21 zikihesabiwa na zile mbili za masikioni. Kila mahali anatenganisha nywele, anasugua ngozi kidogo kwa dawa ya chengachenga kuondoa mafuta na ngozi mfu, anatia jeli, na kuangalia kwenye skrini ukinzani, yaani kiasi ambacho umeme unazuiwa usipite. Ukiwa juu ya kiloomu 5, anarudia.

Yanayoharibika ni mengi. Jeli ikizidi, inatambaa kutoka elektrodi moja hadi jirani yake na zote mbili zinaanza kuimba wimbo mmoja. Kwenye skrini inapendeza, kumbe ni uongo. Jasho hufanya mistari ielee juu na chini polepole. Mgeni akipepesa macho, elektrodi za paji la uso zinarusha mlima. Akiuma meno, zile za kando zinajaa nyasi. Waya wa umeme ukipita karibu, mtetemo wa hertz 50 unafunika kila kitu.

Halafu kuna nywele zetu. Kofia za elektrodi zilibuniwa kwa nywele zinazolala. Nywele za kipilipili zinaisukuma elektrodi juu, haigusi ngozi, na kipimo kinakataa. Kwa miaka mingi wenye nywele hizo waliachwa nje ya tafiti au data zao zikatupwa. Mwaka 2020 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, walitangaza vibanio vya elektrodi vinavyojibana katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Mistari yenyewe inasukwa kwa kufuata alama za 10-20, ngozi ikibaki wazi pale inapotakiwa. Kwa hiyo maabara iliyo makini sasa inahitaji mtu anayejua kusuka kwa vipimo. Huyo naye utamwita nani, Mama? Mtaalamu wa nywele? Kadutu nzima inamwita msusi. Limetoka kwenye suka, lina kitenzi chake, halijawahi kuomba cheo.

Basi mfanyie hivyohivyo jirani yake. Mwite "mpima mawimbi ya ubongo". Kiswahili kina mashine ya kuzalisha majina ya namna hii na inafanya kazi bila umeme: mkata kuni, mfua chuma, mpima ardhi. Unachukua kitenzi, unatanguliza m-, unaacha -a mwishoni, unataja kinachotendwa. Kitenzi kikisimama peke yake, kivishe -ji au -i: mpimaji, msomaji, mpishi. Ukiona "mpima mawimbi ya ubongo" ni refu mno, "fundi wa EEG" linatosha sana. Najua kuna watakaonuna, kwamba fundi ni wa mabati na chukudu zetu za mbao. Wanune tu. Fundi ni mtu anayejua kwa mikono yake, na ukinzani haushuki chini ya kiloomu 5 kwa shahada.

Kwa mfano huo, wengine watajiita wenyewe. "Mtaalamu wa damu" mgawe. Anayechoma mkono ni mchukua damu: anajaza kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuzuia damu isigande, anakipindua taratibu mara 8 hadi 10, hakitikisi, maana chembe nyekundu zikipasuka utegili (yale maji ya damu) unageuka mwekundu na sampuli imekwenda. Anayeipokea ni fundi wa maabara, yule tunayemwita laborante. Anapanga vichupa vikabiliane kwa uzito kwenye mashine ya kuzungusha, anagawa utegili katika vichupa vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu, kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, kazi yake ya kwanza ni kuwazuia wenzake wasifungue mlango kuchungulia.

"Mtaalamu wa wanyama" ni mtunza panya. Usimdharau. Ndiye anayehakikisha taa zinawaka saa 12 na kuzima saa 12, na kwamba hakuna anayeingia na tochi usiku, wakati panya wanapochangamka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba harufu ya mwanamume peke yake huwatia panya msongo kiasi cha kupunguza dalili za maumivu. Jina la aliyekuwa zamu siku ile linaweza kueleza matokeo kuliko dawa yenyewe.

"Mtaalamu wa takwimu" ana jina lake, mtakwimu, na kazi yake ni kuwakatalia wenzake furaha. Kipimo cha dalili za skizofrenia kiitwacho PANSS kina vipengele 30, kila kimoja alama 1 hadi 7. Asiye na dalili hata moja anapata 30, si sifuri. Mgonjwa akishuka kutoka 90 hadi 60, mwenye haraka atasema amepungukiwa na theluthi. Mtakwimu anaondoa zile 30 kwanza, na anapata nusu.

Sasa yule wa skizofrenia, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike kirefu. Nadhani umewaunganisha watu wawili kwa neno moja. Yupo daktari wa magonjwa ya akili: anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anaulizwa mdomo ukikauka au mikono ikitetemeka. Na yupo mhoji: anakaa na mgonjwa dakika 30 au 40, anauliza maswali yaliyopangwa, anatoa alama. Katika jaribio la dawa, mhoji hatakiwi kujua nani anapewa dawa na nani kidonge kitupu, la sivyo matumaini yake yatajipenyeza kwenye alama. Familia ikimwambia kwamba tangu kidonge kile kipya mtoto analala mchana kutwa, imeshamfumbua macho. Habari hiyo ni ya daktari, na lazima ipewe daktari, upesi. Sasa familia itatenganishaje, kama kijitabu kinasema wote wawili ni mtaalamu wa skizofrenia? Andika "daktari" na "mhoji", na chini ya kila jina weka sentensi moja ya anachoambiwa na asichoambiwa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Mtafiti wa ubongo mwenye shahada ya uzamivu naye anaitwa daktari, na hajawahi kumtibu hata kuku. Sisi Wakongo tunayo dawa ya mtego huu: anayetibu ni munganga. Andika "Daktari Fulani, mtafiti, si munganga", na hakuna atakayemwomba vidonge. Wenzetu wa Tanzania wanaotucheka kwa neno hilo, kwamba mganga ni wa hirizi, wakumbushwe kwa upole kwamba serikali yao ina Mganga Mkuu.

Wanaojitolea kuchunguzwa waite "washiriki". Usiandike "kobai", yaani mnyama wa majaribio, hata kama mjini ndivyo wanavyotaniana. Na usiandike "vichaa" popote. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo kiitwacho Tulizo Letu. Aliyekipa jina alitafuta kitenzi, akakiona, akaacha wazimu nje ya mlango.

Je, mtaalamu afukuzwe kabisa? Sina nguvu hizo, na ningekuwa nazo ningezitumia kwanza kwa "wadau". Mruhusu mara moja, kwenye kichwa cha ukurasa: "Timu ya wataalamu wetu". Hapo hafanyi kazi yoyote, kwa hiyo hamwumizi mtu.

Kuhusu labo au maabara: kwenye jalada andika maabara, ndani andika labo, kwa sababu ndivyo watakavyosema wakikisoma kwa sauti. Yote mawili yako ngeli moja: labo yetu, labo zetu, maabara hii, maabara hizi. Wingi wa "malabo" nausikia kila siku sokoni na nimechoka kupigana nao, ila kwenye kijitabu ukwepe. Malabo ni mji, uko Guinea ya Ikweta.