Nyumba ya kale ya Wales: anzia darini, na saruji iache dukani

Ukipata nyumba ya zamani hapa Wales, usianze na jiko wala bafu. Chukua tochi, panda darini, ukatazame kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Mimi naishi Powys, mashariki, ambako nyumba za fremu ya mwaloni ni nyingi. Ukielekea magharibi, milima ya Eryri, mawe ndiyo yanatawala. Nyumba yetu ina vyote viwili, na sababu tuliikuta darini: mbao zimeshika masizi, nyeusi tititi. Maana yake hapo mwanzo nyumba ilikuwa ukumbi mmoja, wazi mpaka paani, moto ukiwaka katikati ya sakafu bila dohani. Nyumba nyingi za namna hiyo zilitiwa dohani na ghorofa katika karne ya 16 na 17. Fremu ya nje ilipochoka, watu wakajenga ukuta wa mawe mahali pake, ila paa likaendelea kubebwa na mwaloni uleule.

Tazama pia viungo. Maseremala wa enzi hizo waliunga ulimi na tundu, ncha ya ubao mmoja ikiingia kwenye tundu la mwingine, kisha wakapigilia vijiti vya mwaloni. Karibu na kiungo utaona mikato midogo kama namba za Kirumi: II hapa, II pale. Fremu ilichongwa na kujaribiwa ikiwa imelazwa chini, kisha ikafunguliwa na kusimamishwa kwa kufuata alama hizo. Ukiona tundu tupu lisilo na ulimi, ujue kuna ukuta au nguzo iliyoondolewa. Usibomoe chochote kabla hujajua ni nini.

Sasa saruji. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana nimeona madhara yake. Ukuta wa mawe wa zamani hunyonya mvua kidogo na kuitoa tena kupitia chokaa. Ukiupaka lipu ya saruji, maji yanaingia kwenye nyufa na hayana pa kutokea, yanakimbilia kwenye mbao. Kwetu aliyetangulia alipaka saruji upande wa magharibi, unaopigwa na mvua. Tulipoibandua, ncha ya boriti moja ilikuwa laini kiasi kwamba bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, ilhali hatua moja tu pembeni mwaloni ulikuwa mgumu kama chuma. Waliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hawatashangaa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa nazo zinaumia hivyohivyo zikipakwa saruji.

Kwa hiyo gonga kuta kwa vifundo vya vidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Kabla ya kuhangaika na dawa za unyevu, angalia mifereji ya paa, na udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Mara nyingi tatizo liko hapo, na beleshi linatosha.

Uliza mapema kama nyumba imeorodheshwa na Cadw, taasisi inayosimamia majengo ya kihistoria Wales. Kama imo, kibali kinatoka kwa mamlaka ya mipango ya eneo lako, na kubadilisha nyumba bila kibali ni kosa la jinai, hata kama mabadiliko ni ya ndani.

Mwenye nafasi aende St Fagans, makumbusho ya majengo ya kale karibu na Cardiff. Kiingilio ni bure. Humo imo Hendre'r Ywydd Uchaf, nyumba ya fremu ya mwaloni ya mwaka 1508, iliyohamishwa kutoka kaskazini. Ingia, simama karibu na meko, inua macho: ndivyo nyumba yako ilivyokuwa kabla ya ghorofa.

Na mwashi wa chokaa mtafute tangu majira ya baridi, ili aanze kazi baridi ikipungua. Joto likishuka chini ya nyuzi 5, chokaa haikazi vizuri, na barafu huibomoa ikiwa bado mbichi. Anayekuambia atapaka Desemba, mwambie asubiri.