Kabla hujaandika ripoti ya mradi wa watoto mtaani

Kila likizo huku Mombasa, Kisauni na Likoni, hakukosi kikundi cha vijana kimefungua masomo ya ziada, na likizo ikiisha ripoti ni ile ile, watoto kadhaa wamehudhuria, vitabu vimegawiwa, picha za tisheti hizo hapo. Mimi nimezunguka sana na kazi za kukusanya data za elimu hapa Pwani, na kikundi kikiniita kuwasaidia nauliza swali moja mpaka wananichoka: hawa watoto wangekuwaje kama nyinyi hamngekuja?

Maana mtoto anakua tu jamani. Umempima Aprili hawezi kusoma aya, Agosti anasoma, wewe wasema ni mradi, kumbe shule aenda, madrasa aenda, na nyumbani dadake anamfundisha.

Na vitabu ndio usiniambie. Wanauchumi kina Glewwe, Kremer na Moulin walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2009, shule zikapewa vitabu vya kiada na alama za wastani hazikupanda, waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale hiyo ni lugha ya tatu. Kremer huyo ndiye alipata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo, kwa kazi za namna hii hii za kutafuta kwa majaribio njia za kupunguza umasikini.

Sasa nyinyi mfanye nini. Nafasi zikiwa chache kuliko watoto, na huwa hivyo kila mara, pigeni kura ya bahati, majina yachomolewe bila kuchagua. Mkichukua waliowahi kujiandikisha mtapata watoto ambao wazazi wao wako macho tayari, hao wangefanya vizuri hata bila nyinyi. Kura ipigwe hadharani, mzee wa mtaa akiwepo, na waliokosa waingie likizo ijayo, kwa hivyo mnakuwa na wa kulinganisha nao bila kumfungia mtu mlango. Wazazi watalalamika kidogo, lakini nilivyoona mimi kinachowaudhi zaidi ni orodha iliyopangwa chumbani. Ila msipige kura kwa chakula kama kipo cha kutosha, hiyo ni roho mbaya tu.

Wapimeni wote kabla ya kuanza, waliopata na waliokosa, na anayepima asiwe yule mwalimu wa mradi, atamsaidia mtoto kwa macho hata bila kujua. Na mkiwa na watoto arobaini tu msije mkatangaza mmegundua dawa, idadi ndogo hiyo bahati yaweza kuipeleka popote.

Kazi ngumu ni kuwapata tena mwishoni. Familia zinahama, kodi ya nyumba imepanda, wengine wamerudi bara, na mkiwapima waliobaki pekee hesabu yote imeharibika. Chukueni namba ya jirani na ya shangazi mapema, ya mzazi peke yake haitoshi, laini zinabadilishwa kama nini.