Bahasha ya kwanta haimzuii mzabuni mdanganyifu

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo. Wanunuzi hutuletea bei kwa bahasha, na kila msimu huzuka tuhuma kwamba bahasha ilichunguliwa au bei iligeuzwa. Muuzaji mmoja anadai kifaa chake cha kwanta, kinachotumia tabia za chembe ndogo mno kama zile za mwanga, huyazuia yote mawili. Tununue?

Jibu: Ndugu Katibu, msinunue. Dai hili hunifikia mara kwa mara, na kinachoniudhi ni kuona sifa ya kweli ya jambo moja ikivishwa jambo jingine. Itifaki (utaratibu wa mawasiliano) ya BB84, waliyoitoa Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984, huwapatia ufunguo wa siri watu wawili wanaoaminiana, kwa kuwa mdakuzi anayepima fotoni, yaani chembe za mwanga, zikiwa njiani huacha makosa wanayoweza kuyahesabu. Ninyi hamsumbuliwi na mdakuzi wa njiani. Mnashukiana wenyewe kwa wenyewe.

Hapo kikwazo ni cha kihesabu, wala hakitaondolewa na kifaa bora zaidi. Mwaka 1997 Dominic Mayers, na kwa upande wao Hoi-Kwong Lo na H. F. Chau, walithibitisha kwamba iwapo bahasha ya kwanta, yaani bei iliyofungwa kwa fotoni badala ya karatasi, inamficha mpokeaji bei kikamilifu, basi aliyeifunga anaweza kubaki na fotoni moja ya kila jozi iliyofungamana (fotoni mbili ambazo majibu ya vipimo vyake huoana hata zikitenganishwa), asiipime hadi siku ya kufungua, kisha akachagua bei inayomfaa bila kuacha alama yoyote. Bennett na Brassard wenyewe waliueleza ujanja wa aina hii katika andiko lile lile la 1984, walipozungumzia kurusha shilingi kwa mbali. Wauzaji, inaonekana, hawafiki ukurasa huo.

Zipo njia zinazofanya kazi, ila kila moja ina sharti lake: ile ya mwanafizikia Adrian Kent ya 1999 hutegemea kikomo cha kasi ya mwanga na mawakala waliowekwa mahali mbalimbali, na nyingine hudhani kwamba mdanganyifu hana pa kuhifadhi fotoni nyingi. Kwa hiyo yeyote anayekiuzia chama, benki au halmashauri "usalama wa kwanta" baina ya wasioaminiana, bila kutaja sharti lake kwa maandishi, ama haelewi anachouza ama anaelewa vizuri mno.

Kwenu kompyuta ya kawaida inatosha. Kila mnunuzi aunganishe bei yake na namba ndefu ya kubahatisha, atangaze alama ya SHA-256 ya muungano huo (mfuatano mfupi ambao kompyuta huukokotoa kutokana na maandishi, usioweza kurudishwa nyuma kuwa maandishi hayo) kabla ya muda kwisha, kisha afichue vyote viwili siku ya kufungua. Namba hiyo isiachwe, kwani bei za kilo ni chache na mtu angezijaribu zote kwa dakika moja.